Shirika la umma kuuza vipindi vyake vinavyopendwa kwa vituo vya biashara: liuze nini, lini, na kwa masharti gani?

Msoma Mkataba

Wakuu, salaam.

Naleta hili kwa wanaoijua kazi ya haki za vipindi, si kwa ushabiki wa vituo. Uingereza kuna hoja mbili zinazogongana miaka mingi, na ziliwaka zaidi Julai 2015 serikali ilipotoa waraka wa mashauriano kuhusu mustakabali wa BBC. Upande mmoja unasema shirika linaloishi kwa ada ya lazima halina sababu ya kugombania watazamaji wa Jumamosi usiku na kituo cha biashara cha ITV. Kipindi kikishapendwa, likiuze, na fedha zikatengeneze vile ambavyo hakuna mdhamini atakayevigusa. Upande wa pili unasema ukimnyang'anya mlipa ada kile anachokifurahia, mwakani atauliza analipia nini.

Maswali yangu:

Kwanza, Bake Off (lile shindano la kuoka keki na mikate) kutoka BBC kwenda Channel 4, kituo kinachoishi kwa matangazo, ni ushahidi wa upande upi? Kila mtu anaitaja, na kila mtu anaivutia kwake.

Pili, hesabu za BBC zinaingia vipi kwa mashirika kama KBC au TBC, ambayo nayo yanauza matangazo ya biashara?

Tatu, tuseme imeshaamuliwa kuuza vichekesho vya zamani vilivyoko maktaba (fikirieni aina ya Vitimbi au Vioja Mahakamani, nataja kwa mfano tu). Kabla ya kusaini, nini kiwe tayari? Na dili za namna hii huharibikia wapi?

---

Haki Kwanza

Mkuu, tuanze na Bake Off maana ndiyo inayopotosha mjadala huu kila unapoanza. BBC haikuuza kitu pale, kwa sababu haikuwa na cha kuuza. Kipindi ni cha Love Productions, kampuni binafsi ambayo Sky, kampuni ya televisheni ya kulipia, ilinunua asilimia 70 yake mwaka 2014. BBC ilikuwa mpangaji aliyeipaka nyumba rangi ikapendeza, mwenye nyumba akapandisha kodi.

Kilianza BBC Two mwaka 2010, kikahamishiwa BBC One 2014. Mkataba ulipokaribia kwisha, BBC inaripotiwa kufika pauni milioni 15 kwa mwaka, na Channel 4 ikaweka milioni 75 kwa miaka mitatu. Habari ikatoka Septemba 2016. Fainali ya mwisho ya BBC mwaka huo ilitazamwa na watu wapatao milioni 14 usiku uleule. Kilipoanza Channel 4 Agosti 2017 kilipata kama milioni 6, na kwa kituo hicho hiyo ilikuwa idadi kubwa ajabu. Jaji Mary Berry na watangazaji Mel Giedroyc na Sue Perkins hawakufuata. Jaji mwingine, Paul Hollywood, alifuata. Hapo kuna funzo la mkataba: hema la kuokea, jina na mpangilio wa mashindano vilikuwa mali ya mtayarishaji, lakini majaji na watangazaji hawakuwa wamefungwa kwenye kipindi. Kila upande uliondoka na nusu ya kile watazamaji walichokuwa wanakipenda.

Hali hiyo ilitokana na sheria. Sheria ya Utangazaji ya 1990 ililazimisha asilimia 25 ya vipindi vinavyohusika vitoke kwa watayarishaji wa nje. Kisha Sheria ya Mawasiliano ya 2003 ikataka mashirika ya umma yawe na kanuni za kuwaagizia kazi watayarishaji hao, na chini ya kanuni hizo mtayarishaji anabaki na hakimiliki, kituo kinapata leseni ya muda. Nia ilikuwa kujenga kampuni za utayarishaji, na zilijengeka kwelikweli. Gharama yake ni kwamba shirika la umma linabeba hatari ya misimu miwili ya mwanzo ambayo hakuna anayeitazama, na faida ya msimu wa saba inavunwa kwenye mnada.

The Voice, shindano la uimbaji, ni hivyohivyo. Fomati (yaani muundo wa kipindi ambao nchi nyingine zinaweza kuutengeneza upya) ilikuwa ya Talpa ya Uholanzi, ITV ikainunua Talpa mwaka 2015, na kipindi kikatoka BBC One kikaanza ITV Januari 2017. Neighbours, tamthilia ya Australia iliyokuwa BBC One tangu 1986, ilihamia kituo cha biashara cha Five mwaka 2008 kwa sababu ya bei. Katika yote haya neno "kuuza" halimhusu BBC.

Kwa hiyo unapouliza shirika liuze au lisiuze, tenganisha kwanza kinachouzwa, maana biashara ziko nne tofauti na watu wanazichanganya.

Kuna kuachia kipindi chenyewe, yaani misimu mipya iende kwa mpinzani. Hili mimi nalikataa karibu kila mara.

Kuna marudio. BBC inafanya hivi kila siku: channeli kama Dave (sasa U&Dave) za kundi la UKTV zimejaa marudio ya vipindi vya BBC kama Top Gear, katikati yake matangazo ya biashara. Zamani UKTV ilikuwa ya ubia, na tangu 2019 BBC Studios inaimiliki yote. Yaani BBC iliwauzia watu wa biashara marudio yake, ikaona panalipa, mwishowe ikawa yenyewe ndiyo mtu wa biashara.

Kuna fomati. Strictly Come Dancing, shindano la dansi, imebaki BBC One, lakini ABC ya Marekani ilianza kuonyesha toleo lake, Dancing with the Stars, mwaka 2005. Mtazamaji wa Leeds hakupoteza hata dakika moja.

Na kuna kuuza ufundi wa utayarishaji. Tangu Aprili 2017 BBC Studios ni kampuni ya kibiashara inayoruhusiwa kutengenezea vituo vingine vipindi, huku BBC nayo ikifungua maagizo yake kwa zabuni za nje.

Msimamo wangu: la kwanza hapana, la pili ndiyo kwa zuio la muda (mnunuzi asubiri kwanza kabla ya kurusha), la tatu ndiyo nje ya eneo lako la matangazo, la nne ndiyo kama vitabu vya hesabu vimetenganishwa.

---

Mizania

Naunga mkono mgawanyo huo ila swali la pili la Msoma Mkataba ndilo zito, na majibu mengi ya mitandaoni yanalikimbia.

Channeli za umma za BBC ndani ya Uingereza, zile za ada, hazina matangazo ya biashara. Channeli nyingine ikirusha marudio yake, BBC haipotezi shilingi ya tangazo. Kinachopungua labda ni hamu ya mtazamaji kuja kwake. Fedha za leseni ya marudio kwake ni nyongeza halisi. KBC hali ni nyingine. TBC vilevile, na SABC ya Afrika Kusini ndiyo zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato yake ni matangazo na udhamini. Shirika la namna hii likiuza kipindi kinachopendwa kwa kituo cha jirani, linauza na sababu ya mdhamini kulipigia simu. Mdhamini hana uhusiano wa damu na kituo. Anafuata macho.

Kwa hiyo bei ya chini kabisa usiitoe kwenye gharama ya kutengeneza, ambayo imeshazama. Ipate hivi: chukua mapato halisi ya matangazo ya saa hiyo kwa wiki 13, toa mapato ambayo kipindi mbadala kingeleta saa hiyohiyo, ongeza gharama za kusafisha haki na kuandaa nakala. Tofauti hiyo ndiyo sakafu. Ukiona mnunuzi anatoa chini ya hapo, unamlipa yeye akuchukulie wateja. Kwa kipindi kilichoko stoo ambacho hukirushi, mapato ya sasa ni sifuri na sakafu inashuka hadi kwenye gharama za maandalizi peke yake. Ndiyo maana maktaba ni rahisi kuuza na kipindi kinachoendelea ni vigumu.

Sasa mfano ambao ningependa kila bodi ya shirika la umma barani iusome: SABC na MultiChoice, Julai 2013. Shirika la umma liliingia mkataba na kampuni kubwa ya televisheni ya kulipia nchini mwake, miaka mitano, thamani iliyoripotiwa randi milioni 553. SABC ingetengeneza channeli ya habari na channeli ya burudani ya vipindi vya maktaba (ndiyo SABC Encore iliyoanza 2015), zote ndani ya DStv, huduma ya MultiChoice. Mtu wa haraka atasema vizuri, stoo imeleta fedha. Lakini ndani ya mkataba huohuo lilikuwamo sharti kwamba SABC itarusha mawimbi yake ya bure bila kufungwa kwa msimbo (yaani bila kufichwa ili aone mwenye kifaa kilichoruhusiwa tu). Wakati huo nchi nzima ilikuwa inabishana kama ving'amuzi vya serikali viwe na mfumo wa msimbo, jambo ambalo lingewasaidia washindani wapya kuanzisha huduma za kulipia. Walalamikaji, wakiwamo kampuni ya magazeti ya Caxton na mashirika ya kiraia, walidai mkataba uliingiza maktaba ya taifa na sera ya ving'amuzi kwenye mfuko wa mnunuzi mmoja, na kwamba kwa uzito wake ulistahili kuchunguzwa kama muungano wa kampuni. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Katiba, uamuzi ukatoka 2018. Encore yenyewe ilifungwa 2020.

Katika mkataba ule tatizo kubwa halikuwa bei. Mnunuzi mwenye nguvu sokoni hanunui vipindi tu, ananunua na mwenendo wa muuzaji. Mkataba wa leseni ukiona una kifungu kinachohusu masafa, ving'amuzi, ratiba yako mwenyewe au msimamo wako kwa mdhibiti, kikate. Kama hakikatiki, hiyo si leseni ya vipindi.

Uingereza nao wana kinga yao: biashara za BBC lazima ziendane na majukumu yake ya umma, zijiendeshe kwa faida, zisichafue jina lake, wala zisipotoshe soko, na Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, inakagua kama upande wa biashara unalipa bei ya soko kwa kile unachochukua kutoka upande wa umma. Hilo la bei ya soko kati ya mifuko miwili ya koti moja ndilo gumu kuliko yote kulithibitisha. Nchi nyingi hata hawajaribu.

---

Fundi Kanda

Mimi nichukue la tatu, upande wa vyuma. Mnunuzi hanunui kumbukumbu ya kipindi, ananunua faili linalopita ukaguzi.

Anza na orodha, kanda kwa kanda, si jina kwa jina. Kwa kila sehemu andika aina ya kanda, kama ni nakala mama au imerekodiwa kutoka hewani, urefu halisi, na idadi ya njia za sauti. Iliyorekodiwa hewani inakuja na nembo ya kituo pembeni na pengine maandishi ya habari chini. Kituo pinzani hakirushi nembo yako. Hizo toa kwenye hesabu mapema, kabla hujaahidi "sehemu 200" halafu ukapeleka 120. Upungufu huo ndio chanzo cha kwanza cha dili kuvunjika.

Kwa kanda za miaka ya 1970 na 1980 utakutana na U-matic, baadaye Betacam SP. U-matic za baadhi ya watengenezaji zina ugonjwa wa gundi: ile gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, kanda inalia ikipita kwenye vichwa vya mashine na kuacha uchafu wa kahawia. Usilazimishe kucheza. Huokwa kwenye tanuri ya maabara yenye joto tulivu, nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi, saa 8 au zaidi, ipoe kabisa, kisha inakiliwe mapema kwa sababu unyevu utarudi. Si kila kanda inaokwa. Usiyoijua fomula yake, iache hadi ujue. Na ukungu haupikwi: kanda yenye ukungu inatengwa, inakaushwa na kusafishwa peke yake, la sivyo unaambukiza mashine na kanda zote zinazofuata.

Picha ipitishe kwenye kifaa cha kusawazisha muda wa mistari (mafundi wanakiita TBC, msichanganye na shirika la Dar es Salaam). Bila hicho, pembe za juu za picha zinapinda na mashine ya kunakili inaruka fremu. Nakili kwa biti 10, 4:2:2, mistari 576, nusu-fremu 50 kama ilivyorekodiwa. Usiondoe mpishano wa mistari (zile nusu-fremu zinazopishana) kwenye nakala mama. Faili lisilobanwa ni kama GB 95 kwa saa. Ukibana kwa FFV1, mfumo wa kubana usiopoteza ubora, linashuka hadi takriban nusu ya hapo au chini kidogo. Sehemu 200 za dakika 25 ni saa 83 na kidogo, yaani TB 8 zisizobanwa, zinaingia kwenye kanda moja ya LTO-8 (kanda ya kuhifadhia data) yenye TB 12. Weka mbili, majengo mawili. Muda wa kazi, kwa maandalizi, kunakili na kukagua, ni kama mara tatu ya urefu wa kipindi: saa 250, wiki sita za fundi mmoja bila mashine kuharibika. Itaharibika. Vichwa vya U-matic havitengenezwi tena, kwa hiyo nunua mashine ya pili ya vipuri kabla ya kuanza, si baada ya kukwama.

Usinyooshe picha ya 4:3 ijaze skrini ya 16:9. Acha miraba myeusi pembeni. Nyuso zilizotanuka zinarudishwa na mkaguzi siku hiyohiyo.

Urefu nao. Kipindi cha saa moja cha BBC kina dakika 58 au 59 za picha kwa sababu hakina matangazo. Kituo cha biashara kinataka kama 46. Ama unakata dakika 12, ama unatanua nafasi. Channel 4 walichagua kutanua Bake Off hadi dakika 75, Dave nao huweka vipindi vya nusu saa kwenye nafasi ya dakika 40. Kwa vichekesho mimi ningepigania kutanua na ningeandika kwenye mkataba kwamba mnunuzi hakati bila idhini, kwa sababu akipewa ruhusa ya kukata hukata mwanzo, na mwanzo ndipo kichekesho kinapopandwa.

Mwisho sauti. Rekebisha ukubwa wake wa wastani uwe LUFS −23, kilele kisipite dBTP −1. Hilo ni rahisi. Gumu ni muziki, na hapo ndipo nusu ya maktaba inakufa.

---

Msoma Mkataba

Fundi Kanda, muziki unaua vipi? Si kipindi ni cha shirika, na shirika lilikuwa linalipa vyama vya wanamuziki?

---

Fundi Kanda

Lilikuwa linalipia urushaji wake lenyewe. Leseni ya jumla ya kituo ni ya kituo hicho. BBC ina leseni pana za namna hiyo, ndiyo maana Top Gear ya nyumbani ilikuwa inachezesha nyimbo za wasanii wakubwa bila hofu, na matoleo yaliyouzwa nje yakabadilishiwa muziki. Kituo kinachonunua kina leseni yake ya kurusha, sawa, lakini haki ya kuushona wimbo ndani ya picha na kuuza mchanganyiko huo ni nyingine kabisa.

Kuna njia tatu tu: kumtafuta mwenye wimbo na mwenye rekodi (mara nyingi ni watu wawili tofauti) na kulipa, au kuubadilisha wimbo, au kuikata sehemu. Kuubadilisha kunahitaji maneno, muziki na milio viwe kwenye njia tofauti za sauti. Kanda ya zamani ina njia mbili, na aghalabu zote mbili zina mchanganyiko uliokwisha kupikwa. Huwezi kuung'oa wimbo bila kung'oa na maneno ya mwigizaji. Programu za sasa za kutenganisha sauti zinasaidia, ila kicheko cha watazamaji hukatika vipande vipande na mkaguzi anasikia.

Tayarisha jedwali la muziki kwa kila sehemu: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, unaanzia dakika ipi, unachukua sekunde ngapi, unasikika chinichini au wahusika nao wanausikia. Bila jedwali hilo hakuna mnunuzi makini atakayesaini.

---

Bibi Ratiba

Nimewasoma wote kaka zangu, mmeeleza vizuri namna ya kuuza. Mimi naona mmekubali kuuza upesi mno.

Angalieni Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani. Haimilikiwi na PBS, televisheni ya umma ya huko, ni ya shirika lisilo la faida, Sesame Workshop, lakini ilizaliwa kwa ajili ya televisheni ya umma na watoto wasio na shule ya awali. Agosti 2015 wakaingia mkataba na HBO: sehemu mpya zianzie kwenye channeli ya kulipia, PBS izipate bure baada ya miezi tisa. Kifedha ilieleweka, maana mauzo ya DVD yalikuwa yameanguka na fedha za HBO ziliwawezesha kutengeneza sehemu nyingi zaidi kwa mwaka. Kwa mtoto wa miaka minne, somo la herufi likichelewa miezi tisa halijachacha. Hilo nakubali. Lakini mpangilio ulisema waziwazi kwamba mwenye uwezo anatangulia, na kipindi kilianzishwa kwa sababu ya yule asiye na uwezo.

Tazameni walipofika: HBO ilipojitoa, mkataba wa Netflix wa Mei 2025 ukasema sehemu mpya zitoke Netflix na PBS Kids siku ileile. Kumbe iliwezekana. Zuio la kumfungia mtazamaji wa bure ni jambo la kujadiliana, na anayekwenda mezani akidhani ni lazima ataligawa.

Kuna na upande wa pili wa shilingi, katuni ya watoto ya Bluey. ABC ya Australia iliiagiza pamoja na BBC Studios, ikaanza kuonyeshwa ABC Oktoba 2018. Haki za dunia na bidhaa zikawa za BBC Studios, na Disney ikachukua leseni ya nchi nyingi. Mashirika mawili ya umma yalichangia mwanzo. Mtoto wa Australia hakukosa kitu, bado anaiona bure. Lakini shirika lililokuwa na kipindi hicho nyumbani ndilo lililokaa mbali na chungu cha fedha, kwa sababu haki za dunia na za bidhaa hazikuwa zake. Kosa pale ni la siku ya kuagiza kipindi. Wauzaji wanakuja kulaumiwa miaka mitano baadaye.

Msimamo wangu basi: vipindi vya watoto, masomo na habari visiuzwe kwa yeyote kwa sharti kwamba avirushe kwanza. Vichekesho vya stoo uzeni, tena haraka, kabla kanda hazijaoza. Na hata hapo, siyo kwa mnunuzi mmoja pekee.

---

Haki Kwanza

Bibi Ratiba, nakubali kuhusu watoto. Na siyo kuoza kwa kanda tu. Kuuza nakala kwa wengi kumewahi kuwa ndiyo hifadhi yenyewe. BBC ilifuta kanda nyingi za tamthilia yake ya Doctor Who za miaka ya 1960. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea zimepatikana, na zilipatikana Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni. Zilikuwa nakala zilizokwenda Afrika kwa mauzo.

Sasa sheria, kwa anayeshughulika na Kenya. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa na mwajiriwa kazini, hakimiliki yake inahesabika imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Ni kinyume cha hali ya Love Productions niliyoeleza juu. Kwa hiyo shirika la Kenya lililoagiza kipindi linaweza kuwa na mkono imara kuliko BBC, mradi barua ya kuagiza haikuandika tofauti. Itafuteni barua. Isipopatikana, msikimbilie kusema ni yetu, kwa sababu mwandishi wa hadithi aliyekuja na muswada wake tayari hakuagizwa.

Kuna na saa inayotembea. Kazi za picha na sauti nchini Kenya zinalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka zilipotengenezwa, kufikishwa kwa umma au kuchapishwa, unaochelewa ndio unahesabiwa. Kipindi kilichorekodiwa na kurushwa 1975 ulinzi wake wa picha ulifika kikomo mwisho wa 2025, ingawa muswada na nyimbo zilizomo vinaweza kuendelea kulindwa kwa kuwa hesabu yake inafuata kifo cha mtunzi. Kinachouzwa hapo ni nakala safi uliyonayo wewe peke yako, na bei ijadiliwe hivyo. Usimwahidi mnunuzi ulinzi dhidi ya wengine ambao sheria haikupi.

Leseni ya pekee lazima iwe ya maandishi yenye saini. Makubaliano ya simu na barua pepe ya "sawa, endeleeni" hayatoshi. Vifungu ambavyo mimi nisingesaini bila kuviona:

Eneo na njia. Andika televisheni ya bure, ya kulipia na mtandao, kila kimoja peke yake. Maneno "njia zote zilizopo na zitakazobuniwa" yakatwe. Vipande vya YouTube navyo vitajwe kwa urefu, mfano visizidi dakika tatu.

Zuio. Kwa kipindi kinachoendelea, miezi 12 tangu kirushwe mara ya mwisho na shirika ni pa kuanzia. Shirika libaki na haki ya kurusha marudio yake wakati wote wa leseni.

Muda usizidi miaka mitatu, bila kujihuisha wenyewe. Haki zirudi mnunuzi asipolipa ndani ya siku 30 au asiporusha ndani ya miezi 12, maana kuna wanaonunua ili kufungia kabatini.

Waigizaji. Mikataba ya zamani mingi ni posho ya siku bila neno la marudio. Tenga asilimia ya mapato ghafi, siyo ya faida (faida hupotelea kwenye "gharama za usimamizi"), na uandike nani analipa warithi.

Na fafanua "mrusho mmoja" ni nini. Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mnunuzi anaposoma "mirusho mitatu" anahesabu usiku, marudio ya asubuhi na ya wikendi kama mmoja, nawe unahesabu tatu. Andika: mrusho mmoja ni onyesho la kwanza na rudio moja ndani ya siku saba, channeli ileile. Kisha mnunuzi alete kumbukumbu ya mitambo ya vilivyorushwa, kila mwezi, yenye tarehe, saa na dakika, ilinganishwe na lile jedwali la muziki la Fundi Kanda kabla ankara ya mirabaha haijatoka.